Reli Iking'olewa, Njia Ibaki: Maswali ya Wasomaji

Safari hii tumechagua barua zinazohusu njia za umma za matembezi na baiskeli zinazojengwa juu ya reli zilizofungwa. Baadhi tumezifupisha.

SWALI: Treni iliacha kupita kwetu zamani na reli zimeshauzwa kama chuma chakavu. Tuta bado lipo, ila sehemu nyingine zimelimwa na pengine kuna vibanda. Kamati yetu inataka pawe njia ya watu. Tuanze na michango au matangazo? – *Katibu wa kamati*

JIBU: Vyote viwili vitangoja. Anzeni na ardhi. Tafuteni ramani za zamani za shirika la reli na kumbukumbu za ofisi ya ardhi, kisha tembeeni njia nzima mkiandika kila kipande leo ni cha nani. Swali linaloamua mengi ni moja: je, reli iliinunua ardhi, au ilipewa haki ya kupita tu? Ilikonunua, mtazungumza na mmiliki mmoja. Ilikopewa haki ya kupitisha treni, huenda haki hiyo ilikufa treni iliposimama na ardhi ikawarudia wenye mashamba. Hapo mtamhitaji mwanasheria kabla ya mchora mabango.

Thamani ya reli ya zamani ni kule kuunganika kwake. Kilomita 30 zikikatwa katikati na mita 200 za mtu asiyetaka kuuza, mnabaki na njia mbili fupi. Uingereza inalijua hilo vizuri: baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza reli nyingi zifungwe, maelfu ya kilomita za reli zilifungwa, ardhi ikauzwa vipande vipande na madaraja mengi yakabomolewa. Wanaojenga njia huko hadi leo wanayazunguka mapengo hayo. Marekani ilirekebisha sheria yake mwaka 1983 ili reli inayofungwa iweze kuwekwa akiba: ukanda unabaki mzima, watu wanautumia kwa matembezi, na treni ikihitajika tena inaurudia. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliithibitisha sheria hiyo. Katy Trail ya Missouri, yenye urefu wa kilomita 386 hivi, ilipatikana kwa utaratibu huo.

Wapo watakaowaambia kwamba njia ya baiskeli itazika matumaini ya treni kurudi. Wajibuni kwamba kinachoyazika ni nyumba zinazojengwa juu ya tuta. Na hao wanaolima, msiwaite wavamizi kwenye kikao cha kwanza. Pengine ndio waliolinda tuta lisigeuke jalala.

SWALI: Kwenye tuta letu yamebaki kokoto makubwa ya reli. Baiskeli zinayumba, na wazee wanaogopa kuteguka. Je, tukimwaga mchanga juu yake itatosha? – *Fundi ujenzi*

JIBU: Haitatosha. Mchanga utazama kati ya kokoto baada ya mvua chache, nanyi mtarudi mlikoanzia. Kokoto za reli huchaguliwa makusudi ziwe kubwa, zenye kingo kali na zisizo na vumbi, ili maji yapite na mataruma, yale mapande yanayolala chini ya reli, yashikwe. Sifa hizo hizo ndizo zinazozifanya zisifae kukanyagwa. Lakini msizitupe, maana mna msingi wa barabara ambao mtu mwingine angeulipia.

Mfuatano wa kazi ni huu. Ng'oeni visiki na mizizi, msikate majani tu. Zibueni mifereji ya pembeni na makalavati yote kabla gari la kwanza la kifusi halijafika. Sawazisheni kokoto kwa greda na kuzishindilia kwa rola. Penye udongo laini au mfinyanzi, tandazeni kwanza kitambaa cha ujenzi kinachotenganisha udongo na mawe. Kisha wekeni tabaka la mawe yaliyosagwa, kuanzia vumbi hadi vipande vya milimita 10, lenye unene wa sentimita 10 likishashindiliwa. Mwagieni maji kidogo kabla ya kupitisha rola, kwa kuwa yakiwa makavu hayashikani. Vumbi la mawe ndilo gundi yenu. Msidanganyike na changarawe ya mtoni ya mviringo, hata ikiuzwa bei nafuu: haishikani kamwe, magurudumu huzama na kuteleza.

Tupige hesabu. Njia ya upana wa mita 3, unene wa sentimita 10, inahitaji mita za ujazo 300 kwa kilomita baada ya kushindiliwa. Agizeni 370 hivi, kwa sababu mawe yaliyolegea hupungua ujazo yakibanwa. Uzito wake unazidi tani 600, sawa na safari zaidi ya 40 za lori la tani 15. Malori hayo yataponda barabara za vijiji mnamopita, kwa hiyo pangeni njia yake mapema.

Kinachoua njia hizi mara nyingi ni maji, wala si wingi wa watu. Ipeni njia mwinamo wa asilimia 2 kwenda upande mmoja: kwa upana wa mita 3, ukingo mmoja uwe juu ya mwingine kwa sentimita 6. Au inueni katikati kwa sentimita 3 maji yamwagike pande zote mbili. Pale reli ilipochimbiwa kati ya kingo mbili, mifereji ndiyo kila kitu. Ikiziba, njia yenyewe inageuka mfereji na mvua moja kubwa inabeba vumbi lote. Lami inafaa karibu na mji, na hata mahali ambapo mafuriko hupita juu ya njia, ila mizizi ya miti huipasua na ufa wa lami ni mgumu kuziba kuliko shimo la vumbi la mawe.

Mteremko usiwape shida. Garimoshi halipandi milima, na ndiyo maana njia nyingi za aina hii hazizidi asilimia 2, mara chache 3. Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuzitumia bila msaada, mradi sakafu ni ngumu na hakuna kizingiti langoni.

SWALI: Daraja la chuma lililobeba treni kwa miongo mingi litashindwa kubeba waendesha baiskeli? Mhandisi anadai ukaguzi na kamati inaona ni gharama bure. – *Mweka hazina*

JIBU: Mhandisi yuko sahihi, ingawa si kwa sababu ya uzito wa watu. Mihimili iliyobeba injini haitishwi na baiskeli. Wasiwasi uko kwenye kutu pale mihimili inapokalia nguzo, kwenye mto uliochimba msingi wa nguzo chini ya maji, na kwenye mbao zilizooza ndani huku juu zikionekana nzima. Zigongeni kwa nyundo: inayotoa sauti butu ing'olewe.

Daraja la reli mara nyingi halina sakafu, ni mataruma na uwazi kati yake. Mbao za sakafu zilazwe kukingama mwendo. Zikilazwa kwa urefu wa daraja, ufa mmoja utameza gurudumu na mtu atapaa. Vizuizi vya pembeni viwe na mita 1.1 kwa uchache, na 1.4 pale ambapo baiskeli zinapita juu sana. Wekeni pia kibao cha uzito wa juu wa gari la matengenezo, kwa kuwa sakafu mpya ya mbao ni dhaifu kuliko mihimili iliyo chini yake.

Mahandaki yana hesabu yake. Njia ya Elroy-Sparta ya Wisconsin, moja ya njia za mwanzo za Marekani, ina mahandaki matatu, na waendesha baiskeli huombwa washuke na kutembea na taa zao. Handaki la Combe Down mjini Bath, karibu mita 1,670, liliwekewa taa kabla ya kufunguliwa mwaka 2013. Mbinu zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni kumwacha mtu aingie kutoka kwenye jua kali bila kibao kinachomwambia handaki lina urefu gani na kwamba ndani kunadondoka maji. Mkikuta popo, mwiteni mtaalamu wa wanyamapori kabla ya kufunga taa. Huenda mkalazimika kulifunga msimu wanapolala au kuzaa.

SWALI: Majirani wanapinga. Wanasema wezi watapita nyuma ya nyumba zao na ng'ombe watashindwa kuvuka. Tumewaeleza faida za mazoezi na utalii, hawasikii. – *Mjumbe wa mtaa*

JIBU: Hawasikii kwa kuwa mnajibu swali ambalo hawakuuliza. Aliyeuliza kuhusu ng'ombe apewe jibu la ng'ombe: mageti mawili yanayotazamana yenye upana wa kupitisha trekta, na makubaliano ya maandishi kwamba kivuko ni chake. Ambaye tuta linachungulia uani kwake, ahamishiwe njia kwenye ukingo wa mbali na apandiwe ua wa miti upande wake. Anayeogopa wizi, mwambieni ukweli kwamba tuta lililoachwa tayari lina wapitaji, nao hawaonwi na mtu. Kisha muwekeni kwenye orodha ya watu wenye namba ya simu ya msimamizi.

Mtembeleeni kila mmoja nyumbani kwake kabla ya mkutano wa hadhara. Kwenye mkutano mtu hutetea heshima yake kuliko shamba lake. Na msichapishe ramani yoyote yenye mstari unaopita kwenye ardhi ya mtu ambaye hamjazungumza naye. Tungeweza kuliandika hilo kwa herufi kubwa. Ahadi kwamba nyumba zitapanda thamani nazo ziacheni, kwani anayetaka kuishi pale hana haja ya kuuza.

Dawa iliyo bora ni kuwapeleka wachache wao kwenye njia inayofanya kazi, wazungumze na majirani wa huko bila nyinyi kusimama karibu.

SWALI: Tumefungua kilomita 11 kati ya 40. Tulichapisha vipeperushi, siku ya uzinduzi watu walijaa, sasa hapana mtu. Tutangazeje? – *Mratibu*

JIBU: Kwanza angalieni kilomita 11 hizo zinaanzia wapi. Zikianzia porini na kuishia porini, tangazo halitazisaidia. Kipande cha kwanza kinapaswa kugusa mahali watu wanapoishi, shuleni au kwenye kituo cha basi, ili kitumike siku za kazi pia. Njia ya Bristol hadi Bath ilijengwa kipande kwa kipande kuanzia mwaka 1979 hadi 1986, na leo kilomita zake 21 zinaunganisha miji miwili: watu huitumia kwenda kazini kama wanavyoitumia kujiburudisha. High Line ya New York ina kilomita 2.3 tu, lakini inapita katikati ya watu.

Kama njia yenu ni ya mashambani, uzeni safari nzima. Otago Central Rail Trail ya New Zealand, iliyofunguliwa mwaka 2000, ina kilomita 152, na wasafiri hulala katika vijiji vidogo vilivyokuwa vimeanza kufifia. Mgeni wa namna hiyo anataka kujua atalala wapi, baiskeli ataikodi wapi na mzigo wake utabebwa na nani. Kipeperushi chenye picha ya machweo hakimjibu.

Sasa vibao. Kwenye barabara kuu na kituo cha basi, andikeni umbali pamoja na muda: kilomita 11 ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, chini ya saa moja kwa baiskeli. Langoni onyesheni maji, choo, kivuli na pa kutokea. Semeni wazi njia inaishia wapi, maana aliyefika kwenye geti lililofungwa bila kuonywa hatarudi, na atawaambia wengine. Kila mita 500 simikeni nguzo yenye namba, kisha orodha ya namba hizo pamoja na barabara ya karibu wapeni polisi na watu wa gari la wagonjwa. Mtu akivunjika mguu katikati ya tuta hana jina la mtaa la kutaja.

Halafu hesabuni watu, kwa kuwa mfadhili atauliza. Kihesabu cha miale, kifaa kinachohesabu kila anayekatiza mwale wake, huwekwa usawa wa kiuno, mbali na lango ambako watoto hucheza. Kina kasoro moja: wawili wakitembea bega kwa bega huwahesabu mmoja. Kaeni hapo saa kadhaa za siku tofauti, Jumapili ikiwemo, mhesabu kwa macho. Mashine ikisema 100 nanyi mmeona 125, zidisheni takwimu zake kwa 1.25.

Na fedha za kukata matawi zitengwe kabla ya fedha za matangazo. Uwazi wa mita 3 kwenda juu na angalau sentimita 60 kila upande udumishwe mwaka mzima.

SWALI: Nguzo za kuzuia magari langoni ziwe ngapi? – *Mchomeleaji*

JIBU: Moja au tatu, zisiwe mbili. Mbili huwasukuma wanaokuja na wanaokwenda kwenye uwazi mmoja wa katikati, wakagongana. Acheni mita 1.5 kati ya nguzo ili kiti cha magurudumu kipite, zipakeni rangi inayong'aa usiku, na moja iwe ya kufunguliwa kwa ufunguo. Kama magari hayajawahi kuingia, msiweke kabisa. Nguzo yenyewe ni hatari kwa mwendesha baiskeli.

SWALI: Tumerundika mataruma ya mbao ya zamani. Vijana wanataka kuyafanya mabenchi na kuta za bustani kandokando ya njia. – *Mwalimu*

JIBU: Wazuieni. Yale meusi yenye harufu ya lami yamenyweshwa kriosoti, dawa ya kuhifadhi mbao ambayo huchoma ngozi na ina kemikali zinazohusishwa na saratani. Jua likiwaka hutoka na kuchafua nguo za anayekalia. Msiyachome moto kamwe, wala msiyaweke karibu na mboga. Udongo wa chini yake nao upimwe kabla ya kuuhamisha, hasa penye karakana na stesheni za zamani, kwa sababu dawa za kuua magugu zilizotumiwa na reli nyingi zilikuwa na arseniki. Mara nyingi inatosha kuuacha ulipo na kuufunika kwa tabaka la mawe. Mabenchi yachongeni kwa mbao mpya, na kama yapo mataruma ya zege au ya chuma, hayo yatumieni mpendavyo.