Maswali ya Wasomaji: Kozi ya grafiki na dizaini shuleni tunaipangaje?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nafundisha kompyuta kidato cha tano hapa Morogoro, mkuu wa shule kasema kuanzia muhula ujao kutakuwa na kozi ya grafiki na dizaini ya mwaka mmoja na mimi ndo niipange. Wanafunzi 36, kompyuta 12 za zamani, printa moja ya nyeusi tu, intaneti inakuja na kuondoka, vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki. Nimekaa kuandika mpango najikuta naandika majina ya programu tu, mwezi wa kwanza Photoshop, mwezi wa pili Illustrator, na leseni zenyewe hatuna. Nianzie wapi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hongera na pole kwa pamoja. Huo mpango wa majina ya programu mimi ningeufuta wote nianze kupanga kutokea mwisho, yani siku kozi inaisha mtoto atakuwa ameshika nini mkononi? Kwangu mimi ni kazi moja iliyochapishwa, ya mteja wa kweli, mtu ambaye kesho yake asubuhi anaitumia. Ukishakubali hilo utaona mwenyewe kipi kiingie kwenye kozi na kipi ni cha kujazia tu.

Kabla ya yote nenda kwa mwalimu wa taaluma akuunganishie hivyo vipindi viwili viwe dakika 80 mfululizo, maana dakika 40 zinaishia kuwasha mashine na kutafuta faili la wiki iliyopita. Afu gawa darasa makundi matatu ya watu 12, wiki hii kundi moja liko kwenye kompyuta, mawili yako mezani na karatasi humohumo darasani, wiki ijayo wanabadilishana. Kila mtu akifika zamu yake anakaa na mashine peke yake, badala ya ile ya watatu kubanana mmoja anashika mausi wawili wanamtazama mwaka mzima. Na umeme ukikatika zaidi ya nusu ya darasa inaendelea na kazi kama kawaida.

Sasa mezani wanafanya nini, hapa ndo penyewe na naomba usiparuke. Wiki za mwanzo, kabla hizo zamu hazijaanza, darasa zima wasiguse kompyuta kabisa. Waambie kila mmoja aje na kanga kutoka nyumbani, watandike, wapime kwa rula. Pindo lina upana gani, mji (ile sehemu ya katikati) umechukua nafasi kiasi gani, jina (yale maneno yaliyoandikwa) limekaa wapi na herufi zake zina urefu gani. Wachore kwenye karatasi yenye miraba kwa kipimo cha 1:10, afu wafanye jaribio moja, jina walikuze mara mbili wabandike wote ukutani waangalie mji umekuwaje. Watakuambia wenyewe kwamba macho hayajui tena yaende wapi kwanza. Hapo umeshafundisha mpangilio, uwiano na urudiaji bila kuwapa notsi hata moja, na kwa kitu ambacho mama zao wanakivaa kila siku. Vilevile ukipata nafasi waongelee daladala za Dar, ule mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha njia, mtu anaitambua gari yake ikiwa mbali kabla hajasoma neno lolote, hiyo ni dizaini ya hali ya juu na watu wanaipita kila siku hawaioni.

Zoezi la pili ambalo silibadilishi ni kadi ya mchango wa harusi. Kila mtu anaifahamu na nyingi zinatengenezwa vibaya. Mpokeaji anatafuta nini? Ni ya nani, lini, ukumbi gani, singo ni kiasi gani na dabo kiasi gani, namba ya kutuma pesa, na jina litakalotokea akituma. Hicho cha mwisho utakikuta kimefichwa kwenye kona kwa herufi za kupinda pinda za dhahabu juu ya maua, mtu anabaki anaogopa kutuma hela yake kwa mtu asiyemjua. Waambie wapange hizo taarifa kwa umuhimu kwanza, kwa penseli, michoro midogo mitano sita tofauti ya ukubwa wa kiberiti, ndo wachague mmoja. Halafu mtihani wake rahisi: mpe mwenzako kadi kwa sekunde tano, ichukue, muulize anatuma kwa namba gani na jina gani litatokea. Akishindwa kujibu, rudi mezani.

Programu sasa. Inkscape kwa michoro ya mistari na nembo, GIMP kwa picha, Scribus kwa kupanga kurasa, zote ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti, zipakue mara moja uziweke kwenye flashi, na kwa mashine za zamani tafuta toleo linaloendana nazo. Fundisha Inkscape kwa kina na hizo nyingine kwa kuzigusa tu, mtoto aliyeielewa moja vizuri atahamia nyingine yoyote akifika kazini. Kitu kimoja ukijue mapema, Inkscape haijakaa vizuri kwenye rangi za wino, kwa hiyo kazi ya kwenda kuchapishwa ihamishieni Scribus mtolee PDF huko.

Na hili la uchapaji lipe muda wake mwalimu, usiliweke wiki ya mwisho. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, mashine ya kuchapa inatumia wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, ndo maana ile bluu inayowaka kwenye kompyuta inatoka imepooza kwenye karatasi na mteja anagoma kulipa. Picha ya kujaza A4 kwa doti 300 kwa inchi inatakiwa iwe na pikseli 2480 kwa 3508, sasa mtoto anachukua kapicha alikotumiwa WhatsApp, kameshabanwa, anakavuta, kanatoka ukungu (wafundishe kutuma kama dokyumenti). Rangi inayofika ukingoni ipitishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo kisu kikiteleza kidogo tu utabaki na ukingo mweupe. Wapeleke kwa mchapaji yeyote hapo mjini, saa moja tu wasimame pembeni ya mashine waone karatasi zinavyokatwa, wataelewa kuliko ukiwachorea ubaoni.

Kazi kubwa ya mwaka iwe lebo na boksi la bidhaa. Morogoro hapo hamkosi mtu anayetengeneza asali, sabuni, viungo, na lebo yake ameichapa kwa printa ya nyeusi kama yako. Boksi linawalazimisha wachore umbo lililokunjuliwa, wapime, wakate, wakunje, hapo uchoraji wa kiufundi unaingia wenyewe. Baakodi nayo, ile mistari yenye namba inayosomwa kaunta, isiachwe. Namba zilizosajiliwa kwetu zinaanza na 620, na skana nyingi zinasoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu juu ya nyeupe kwenye mwanga huo inapotea, skana haioni kitu. Inapendeza kwa macho, halafu kaunta inakataa. Mistari iwe mieusi, nyuma peupe, na pembeni paachwe nafasi tupu kushoto na kulia. Mkipata duka lenye skana waombeni mjaribishe, maana hapo kazi haijadiliki, imesoma au haijasoma.

Kwenye alama, nusu nzima ningeiweka kwenye daftari la michoro. Siku hizi mtoto anaweza kuitoa picha kwenye akili mnemba kwa dakika moja au kuikopi mahali, lakini daftari lenye michoro kumi iliyokatwa katwa na sababu zilizoandikwa pembeni hawezi kulikopi kirahisi, na unamsimamisha mbele anaeleza kwa nini herufi hii na si ile. Hapohapo wafundishe hakimiliki, tuna sheria tangu 1999 na COSOTA, wanaosimamia hakimiliki nchini, wapo, mtoto ajue kwamba picha ya kwenye Google ina mwenyewe.

SWALI: Mwanangu wa kike yuko kidato cha tano PCM (fizikia, kemia na hesabu), shuleni kwao wameanzisha hiyo kozi ya grafiki na anaitaka sana, baba yake anasema itamharibia fizikia na hesabu. Mimi niko katikati. (Mama, Mwanza)

JIBU: Mama, shikamoo. Ukiniuliza mimi mwache asome, ila muwekeane masharti kwamba PCM haishuki. Hofu ya mzee naielewa, ni mchepuo mgumu, ila hivi vitu haviko mbali kama anavyodhani. Ile mistari ya kujipinda atakayochora kwenye Inkscape, hata umbo la kila herufi unayoisoma kwenye simu yako, nyuma yake ni hesabu, na aliyeipa umaarufu ni Pierre Bézier, injinia wa Renault, miaka ya 1960 alipokuwa anatafuta namna ya kuchora bodi za magari kwa kompyuta. Akitaka uhandisi au usanifu majengo mbele ya safari, kuweza kuchora wazo lake mtu mwingine akalielewa kutamsaidia kila siku. Mwambie mzee aombe kuliona daftari la michoro mwisho wa muhula, aliangalie yeye mwenyewe ndo aamue.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shule yetu haina kozi hiyo wala kompyuta, nina simu ndogo tu ya likizo. Naweza kujifunza? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza, na la simu lisikutishe. Nunua daftari lisilo na mistari na penseli ya 2B. Kila ukipita mtaani chagua kibao kimoja cha duka kilichoandikwa kwa mkono, kikopi kama kilivyo, herufi kwa herufi, afu ukurasa wa pili kichore upya kisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Simama mbali ujipime. Ukishajaza daftari, nenda kwa fundi anayeandika vibao hapo kwenu likizo, mwombe umsaidie kupiga mistari na kupaka rangi ya chini, wengi hawakatai kijana anayekuja na daftari lililojaa. Simu itumie kupiga picha kazi zako kwenye mwanga wa asubuhi na kuzitunza kwa tarehe.