Bima ya kutafuta mtoto Marekani: maswali yenu, majibu yangu

Msimu wa kuchagua bima ukifika huku Marekani simu yangu hailali, na nusu ya wanaopiga wanaanza kwa kuzunguka zunguka, salamu ndefu, habari za watoto, alafu mwisho kabisa kwa sauti ya chini, "eti dada, ile ya IVF bima inalipa?" IVF ni ile ya kukutanisha yai na mbegu maabara, alafu mimba inarudishwa tumboni. Basi leo nawajibu wengi kwa mpigo, majina nimeyaficha.

Tuko Chicago, nimeambiwa Illinois sheria inalazimisha bima kulipa IVF. Mume wangu yuko kampuni kubwa ya wafanyakazi maelfu lakini bima yake imekataa. Si wametuonea?

Inauma mdogo wangu ila inawezekana kabisa hawajavunja sheria. Ni kweli Illinois wana sheria tangu 1991, inagusa bima za kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 25, inalipia kuvuna mayai (kuyatoa kwa mama ili yapelekwe maabara) mara 4 na ukijifungua unaongezewa mara 2. Shida ni kwamba sheria ya jimbo inaibana kampuni ya bima, haimbani mwajiri anayelipa matibabu ya watu wake kwa hela yake mwenyewe, na makampuni makubwa mengi ndo yanafanya hivyo. Kadi unayoishika ina nembo ya bima maarufu, unaona kabisa hawa ndo wanalipa, kumbe wao wanashughulika na makaratasi tu, hela inatoka mfukoni kwa mwajiri! Mwajiri wa namna hiyo yuko chini ya ERISA, sheria ya serikali kuu ya 1974, jimbo halina la kumwambia. Kwa hiyo mume aandike imeili kwa HR, ofisi ya wafanyakazi (imeili, sio kuuliza kwenye lifti), aulize hii bima kampuni imeinunua au inajilipia yenyewe. Na kama wanajilipia wenyewe mlango haujafungwa, manake mwajiri huyo akitaka kuongeza IVF anaongeza tu, kwa hiyo waulizeni, tena mkiwa wawili watatu ni bora zaidi.

HR wamenihakikishia kwamba mambo ya uzazi yanalipwa. Nijiandikishe tu?

Subiri kwanza. Hapo ndipo nilipoliwa mimi. Niliuliza kwa simu, nikajibiwa ndio yanalipwa, nikaenda kwa furaha zote, vipimo vya homoni vikalipwa, ile picha ya mirija ya uzazi ikalipwa, nikasema Mungu ni mwema. Tulivyoanza sindano za IVF ikaja bahasha nyeupe, nimeifungua nimesimama jikoni na chungu kiko motoni, ugali uliungua siku hiyo. Kumbe kilicholipwa ni kutafuta tatizo, kulitibu haimo! Na aliyenijibu hakudanganya, mimi ndo sikujua kuuliza.

Sasa fanya hivi, kila bima ina karatasi ya muhtasari inaitwa SBC, omba hiyo, ruka mbele hadi karibu na mwisho utakuta visanduku viwili, kimoja cha vitu wasivyolipa na kingine cha vitu vya ziada wanavyolipa, matibabu ya ugumba lazima yawe kwenye kimojawapo. Yakiwa upande mzuri usishangilie bado, omba kile kitabu kirefu chenyewe cha bima usome kikomo, manake wengine wanaweka kikomo cha dola cha maisha yako yote, na mzunguko mmoja wa IVF (jaribio moja, kuanzia sindano hadi kupandikiza) huku mara nyingi unavuka dola 15,000 na dawa hazimo humo. Ndo maana mimi napenda kikomo kinachohesabiwa kwa mizunguko kuliko kwa dola. Dawa nazo uliza peke yake, mara nyingi ziko fungu lingine na wanataka ununue kwenye duka la dawa walilochagua wao. Na kama ulifunga kizazi zamani sasa unataka kurudi, soma vizuri zaidi, bima nyingi hapo zinakukimbia.

Naendesha Uber hapa Houston, najinunulia bima mwenyewe. Ipi ina IVF?

Kaka, sitakudanganya, huko kwenu Texas bima ya kujinunulia usiiwekee matumaini. Sheria yao inasema kampuni ya bima impe mwajiri ofa ya IVF, na mwajiri anaweza kusema hapana asante, basi imeishia hapo. Njia ambayo watu wanaitumia ni kutafuta kazi kwa ajili ya bima, mkeo au wewe. Starbucks, wale wa migahawa ya kahawa, wanajulikana kwa kulipia IVF, hata wa masaa 20 kwa wiki anaweza kuingia kwenye bima yao. Unapika kahawa asubuhi, Uber jioni.

Nina miaka 37, naambiwa lazima nisubiri mwaka mzima ndo bima ikubali. Na mume hataki kupima.

Mwaka wa kujaribu bila kupata mimba ni kwa walio chini ya 35. Kuanzia 35 kawaida ni miezi 6, kwa hiyo daktari aandike kwenye faili mlianza kujaribu lini, tarehe hiyo ndo bima itaitafuta. Na shemeji naomba nimwambie hapa hapa, kipimo cha mbegu ni kikombe tu na dakika chache, mkeo anachomwa sindano na kuingizwa vifaa, we unaogopa kikombe? Bima nyingi bila majibu yako haitoi idhini.

Tunaweza kufanya Nairobi na bima ya huku ikalipa?

Kwa kawaida hapana, nje ya nchi wanalipa dharura tu, tena sio wote. Ila Nairobi wanaifanya, watoto wa kwanza wa IVF Kenya walizaliwa 2006, na bei ni nafuu ukilinganisha na huku. Kama una akaunti ya HSA kazini (akiba ya matibabu isiyokatwa kodi), hela yake unaweza kulipia IVF hata nje, hakikisha tu risiti ina jina lako, tarehe na kilichofanyika. Dawa za kununua huko na kurudi nazo Marekani HSA hairuhusu, hizo lipia mfukoni.