Sio Access walioanza
Kuna wanaosema Access, ile programu ya hifadhidata ya Microsoft, ndio walioanza mtindo wa kutafuta data kwa kujaza vigezo kwenye jedwali badala ya kuandika SQL, yaani lugha ya kuuliza hifadhidata. Hapana, ni Moshé Zloof wa IBM katikati ya miaka ya 70, akaiita Query by Example. Access imekuja 1992 na hata Paradox, programu nyingine ya hifadhidata, ilikuwa nayo kabla. Ila ile mistari ya kuunganisha tebo (majedwali ya data) unayovuta na mausi kwenye Access, kwa Zloof haikuwepo, kule unaandika neno lilelile la mfano, limepigiwa mstari chini, kwenye tebo zote mbili basi zishaungana. Na Access yenyewe nyuma ya pazia inakuandikia SQL tu, bonyeza SQL View uone, ukiwa na tebo tatu hivi utakuta INNER JOIN (amri za kuunganisha tebo) zimejaa mabano mpaka kero.