Mpira na jamvi la karafuu

Mhariri, mmeuliza wiki hii kwa nini soka linapendwa kuliko michezo mingine. Wengi watawajibu kwa Simba na Yanga. Mie nitasema habari ya mpira wenyewe, maana kwetu Konde, kisiwani Pemba, tuliupenda kabla hatujajua kama kuna timu.

Wetu ulikuwa matambara ndani ya soksi kuukuu, yamekazwa kwa kamba ya mgomba. Goli ni makumbi mawili ya nazi. Tukitoka chuoni, kusoma Kurani, tunacheza peku mbele ya nyumba ya bibi mmoja, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa wazi. Msimu wa karafuu ukifika pale panajaa majamvi, nasi hatuhami.

Jioni moja nilipiga shuti, kipa akainama badala ya kudaka (alikuwa mdogo wangu, hadi leo anakana). Mpira ulikuwa umeroa matope. Ukatua katikati ya jamvi, karafuu za siku mbili juani zikatapakaa mchangani. Bibi akatoka na upawa mkononi. Hakumpiga mtu. Alisema tu, "Haya wanangu, moja moja." Tukaokota moja moja, timu zote mbili, na wingu hilo linakuja. Karafuu ikinyeshewa inageuka mpeta, yaani karafuu iliyoharibika, kila mtoto wa Pemba anajua. Matone ya kwanza yalitukuta tumebeba majamvi kuingiza ndani. Vidole vilinuka siku kadhaa, hata wali nilikula una karafuu.

Mpira bibi aliuchukua. Ijumaa akaturudishia, ameukaza upya kwa kamba ya usumba. Ulikuwa mzito, unaumiza vidole, lakini haukufumuka tena.

Nilikaa kuandika kwamba mpira unapendwa kwa kuwa hauna gharama. Sasa naona gharama ilikuwa ya yule bibi. Wala haupendwi kwa ushindi: mwaka 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa Zanzibar yetu uanachama Machi, ikatuvua Julai, na Desemba timu yetu, Zanzibar Heroes, wakafungwa na Kenya kwa penalti kwenye fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati. Nililala na njaa, asubuhi nikaisimulia mechi kama tumeshinda sisi.

Basi jibu langu, kama lazima nilitoe: mpira ni mtamu, ila kwa asiyeanika kitu. Siku hizi majamvi ni yangu. Watoto wakija na mpira wao wa dukani nawaambia wakacheze uwanja wa Gombani, Chake Chake, na kutoka Konde hadi Gombani ni safari ya gari.