Kwa muuguzi mpya: mzani kwanza, mpira baadaye

Mdogo wangu unayeanza wodi, siku utakapompokea mgonjwa ambaye neva zinazoendesha misuli yake zinakufa, ugonjwa uitwao ALS, utatamani kuuliza ni mpira gani wa kulishia kupitia tundu la tumboni ulio bora. Kabla ya hapo, mpandishe kwenye mzani.

Nalisema hili kwa sababu ya mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyeletwa kwetu hapa Tabora na binti yake. Ulimi ulikuwa mzito na chai ilimpalia kila asubuhi. Alikuwa na kilo 64. Tukamwambia binti amlainishie chakula, tukampa tarehe ya kurudi. Aliporudi alikuwa na kilo 55, na ukimlaza chali anahema kama aliyepanda mlima. Tulichelewa, na mimi ni mmoja wa waliochelewa. Mgonjwa akipoteza asilimia 5 ya uzito wake, ni wakati wa kuuzungumzia mpira; asilimia 5 ya kilo 64 ni kilo 3 na gramu 200. Aliposhuka hadi kilo 61 hivi ndipo habari ya mpira wa tumboni ilipotakiwa kuwa mezani. Nasi hatukuwa tumempima tena.

Sasa njia zenyewe. Ya kamera, madaktari huiita PEG, iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1980 na Gauderer na Ponsky wa Marekani. Kamera hupita mdomoni hadi tumboni, mwanga wake ukaonekana juu ya ngozi, na hapo ndipo panapotobolewa. Mpira huvutwa kupitia mdomoni ukatokea nje ya tumbo, huku kizibo kigumu kikiushikilia kwa ndani. Ni mpana, unadumu, na hauchomoki ovyo. Ugumu wake ni kwamba mgonjwa hupewa dawa ya kusinzia, analala chali, na koo lina kamera. Kwa mtu ambaye kiwambo chake, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kimelegea, hayo matatu kwa pamoja ni mazito.

Ya eksirei, RIG, hutumia mpira mwembamba wa puani kujaza tumbo hewa ili lisogee karibu na ngozi, kisha daktari hutoboa kwa nje akiongozwa na picha. Mara nyingi ganzi inatosha, ndiyo maana wenye pumzi dhaifu huelekezwa huko. Lakini mpira wake ni mwembamba, na mara nyingi hushikiliwa na kiputo cha maji tu. Unaziba, unachomoka, na unabadilishwa kila baada ya miezi michache. Ipo pia njia ya kati, PIG, inayoongozwa na picha lakini mpira ukapitishwa mdomoni. Na pasipo na vyote hivyo, daktari wa upasuaji hufungua tumbo kidogo na kuushona mpira.

Uingereza waliwafuatilia wagonjwa hawa katika vituo 24, matokeo yakatoka mwaka 2015. Ndani ya siku 30 walifariki 5 kati ya 163 wa PEG, 5 kati ya 121 wa RIG, na 2 kati ya 43 wa PIG. Hakuna njia iliyoipita nyingine kwa usalama. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito kabla ya kuwekewa. Mzee wetu alikuwa amepoteza asilimia 14.

Kwa hiyo barua ya rufaa iandike uzito wa mwanzo, uzito wa leo na tarehe zake. Andika pia habari za pumzi: analalia mito mingapi, anaamka na kichwa kinamuuma, anakurupuka usiku? Majibu hayo humsaidia daktari kuchagua njia kuliko jina la ugonjwa peke yake.

Muulize mwenyewe. Ndugu watajibu kwa niaba yake kwa kuwa haongei vizuri, lakini wengi wa wagonjwa hawa akili zao ni timamu na wanasikia kila neno. Mwamkie kwa heshima yake, mpe daftari na kalamu, au akubali kwa kufumba macho. Akikataa mpira, ni haki yake. Akikubali, ajue kwamba mate bado yanaweza kumpalia.

Wafundishe nyumbani kabla hajatoka. Akilishwa awe ameinuliwa kifua, abaki hivyo nusu saa au zaidi. Mpira usafishwe kwa maji safi, mililita 30 hivi, kabla na baada ya chakula na dawa. Uji uchujwe kwa chujio la chai, hasa ule wa unga wa dagaa, la sivyo mpira mwembamba utaziba siku ya kwanza. Ukiziba, maji ya uvuguvugu; soda hapana, waya kamwe.

Ukichomoka katika wiki za mwanzo, asiurudishe mtu yeyote nyumbani. Tundu halijakomaa na chakula kinaweza kumwagika ndani ya tumbo. Ukichomoka baadaye, waje saa hiyohiyo, maana tundu hujifunga kwa saa chache. Kwenye kadi yake andika aina ya mpira, upana wake na tarehe uliowekwa, ili atakayempokea usiku asianze kubahatisha.