Maswali yenu kuhusu CRT: sheria, rangi na siasa za Marekani

Maswali yenu kuhusu CRT (Critical Race Theory), nadharia hakiki ya ubaguzi wa rangi, yamekuwa mengi. Yanayofanana nimeyaunganisha.

CRT ni nini hasa? Kila mtu anaieleza kivyake.

Ni kazi ya wanasheria. Kufikia miaka ya 1970, sheria za kuwatenga weusi Marekani zilikuwa zimefutwa, lakini maisha yao hayakubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa. Derrick Bell, aliyesimamia kesi za kupinga ubaguzi shuleni jimboni Mississippi kama wakili wa mfuko wa kisheria wa NAACP, uliotetea haki za weusi, kabla ya kufundisha Harvard, akauliza swali lililokuja kuizaa CRT: inakuwaje sheria isiyotaja rangi hata mara moja iendelee kuwaumiza watu wa rangi ileile?

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, soma kesi ya wanawake watano weusi walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kabla ya 1964, kiwanda chao cha St. Louis karibu hakikuajiri wanawake weusi kabisa. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, kampuni ikapunguza watu kwa kuangalia ukongwe kazini: aliyeingia mwisho anatoka kwanza. Wakatoka wao. Mwaka 1976 mahakama ikakataa kuwasikiliza kama wanawake weusi. Ubaguzi wa jinsia haupo, ilisema, maana kampuni imeajiri wanawake. Lakini wanawake hao walioajiriwa walikuwa weupe. Kuhusu rangi, wakaambiwa waungane na kesi nyingine ya wafanyakazi weusi. Kimberlé Crenshaw, profesa wa sheria, aliichambua hukumu hiyo mwaka 1989, na mpaka leo sijasoma jibu linaloitetea vizuri. Julai mwaka huohuo, wasomi wenye fikra hizi walikutana Madison, Wisconsin, katika warsha iliyolitangaza jina la CRT.

Nasikia mzizi wake ni Karl Marx. Kweli?

Kwa sehemu. Upo ukoo unaopitia kwa wanafalsafa wa Frankfurt, Ujerumani, waliochota kwa Marx, akina Max Horkheimer, na kwa wanasheria wa mrengo wa kushoto walioshikilia kwamba sheria ni siasa. Ila waanzilishi wa CRT waligombana na wanasheria haohao. Mtu ambaye juzi tu alikuwa akizuiwa kupiga kura hawezi kuambiwa kuwa haki za kisheria ni kiini macho. Wengine walimrudia msomi mweusi W.E.B. Du Bois na vuguvugu la haki za kiraia. Anayemtaja Marx peke yake ameiacha Mississippi nje ya hadithi.

Mwanangu yuko shule ya msingi Texas. Anafundishwa haya?

Hapana, mama. Hili ni somo la vyuo vya sheria. Kinachomgusa mwanao ni sheria za namna hii: ile ya Texas iliyoanza Septemba 2021 haikuitaja CRT kwa jina, ila ilimtaka mwalimu anayejadili jambo lenye utata aoneshe mitazamo mbalimbali, kabla ya nyingine kuchukua nafasi yake Desemba. Oktoba mwaka huo, mjini Southlake, ofisa mmoja wa elimu aliwaambia walimu kwamba wakiwa na kitabu cha mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler, wawe na kingine chenye mtazamo tofauti. Uongozi wa shule za wilaya uliomba radhi. Mwalimu aliyetiwa hofu namna hiyo ataruka hata somo la utumwa, na hilo linaniuma kuliko malumbano yote ya televisheni.

Mbona kelele zilianza 2020?

George Floyd, mtu mweusi, aliuawa na polisi Mei, maandamano yakafuata. Septemba, Christopher Rufo, mwanaharakati wa mrengo wa kulia, alikwenda televisheni ya Fox News kuishambulia CRT, na mwezi huohuo Donald Trump, aliyekuwa rais, akatoa amri ya kuyabana mafunzo ya namna hiyo serikalini. Joe Biden, alipoingia madarakani, aliifuta amri hiyo Januari 2021. Machi, Rufo aliandika waziwazi kwamba lengo ni kukusanya mambo mengi yasiyopendwa chini ya jina hilo moja.

Wasomi weusi wote wanaikubali?

La. Randall Kennedy, mweusi na profesa wa Harvard, aliikosoa mwaka 1989: rangi ya mwandishi, alisema, haiipi hoja uzito. Namuunga mkono. Bell naye alifika mahali akasema ubaguzi Marekani ni wa kudumu. Hapo simfuati, kwa sababu kesi alizoshinda Mississippi zilifungua milango ya shule, na watoto wakaingia.