Mnaoanza wodi ya moyo, punguzeni mkono kwenye pesimeka

Wadogo zangu mnaokuja intanishipu hapa Kampala, hii mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza tuliletewa mzee, mshtuko wa moyo wa ukuta wa chini, mapigo 34 kwa dakika, presha inashuka, atropini (dawa ya kuharakisha moyo) imegoma, daktari akapitisha waya wa pesimeka ya muda (mashine inayoupigisha moyo kwa umeme) akaiweka 60 na mimi nikaachiwa kuangalia. Nikaona 60 ni ndogo, nikapandisha mpaka 100, monita ikapendeza kweli. Haikupita muda mzee akashika kifua, "musawo (daktari), imerudi", kuangalia isiji (kipimo cha umeme wa moyo) ST imepanda tena, yaani msuli unakosa damu. Sista mkubwa akaja akairudisha 60 bila neno, alinitazama tu (yale macho bado nayakumbuka).

Iko hivi, msuli wa chumba cha kushoto unapata damu yake nyingi moyo ukiwa umelegea, sio ukiwa umebana, na ukiongeza mapigo ule muda wa kulegea ndio unaoliwa zaidi. Kwa 60 pigo moja lina sekunde nzima, kwa 100 limebaki na 0.6. Yaani umeongeza kazi na hapohapo umekata chakula, kama boda amebeba watu watatu anapanda kilima cha Mulago na petroli ni matone, na mshipa umeziba, basi ile nyama ya pembeni ambayo ingepona nayo inakufa. Watafiti wa moyo Maroko, Braunwald na wenzao waliliona hili kwa mbwa tangu 1971, kuharakisha moyo kwa umeme kulipanua jeraha, propranolol (dawa ya kupunguza mapigo) ikalipunguza.

Lakini msiizime pesimeka pia! 34 na presha iko chini, damu haisukumwi kwenye koronari (mishipa inayolisha moyo), msuli unakufa vilevile. Weka inayotosha tu, angalia presha, mkojo, na kama mgonjwa anaongea vizuri. Bloku (umeme wa moyo kukwama njiani, ndio mapigo yanashuka) ya ukuta wa chini mara nyingi inaisha yenyewe kwa siku chache, kwa hiyo kila zamu shusha polepole uone kama moyo wake umerudi. Ya ukuta wa mbele ni nyingine kabisa, hapo msuli mwingi umeshaenda, usiguse waya bila mkubwa wako.

Na mtasoma kwamba kwa wanyama, pesing (kupigisha moyo kwa pesimeka) ya vipindi vifupi, damu inaporudi kwenye mshipa ulioziba, imepunguza uharibifu. Ni kweli, ila msije mkaijaribu zamu ya usiku.